Wakimbangu ni Wakristo au ni kalti? Hayo ni maswali mawili jamani

Bwana asifiwe... Haya. Sina sauti leo, nimekohoa usiku kucha, kwa hiyo nitaongea tu kama tuko barazani. Na feni imegoma tangu asubuhi, atakayesinzia nimeshamsamehe.

Bango hapo nje limeandikwa "Wakimbangu: ni Wakristo au ni kalti?" Yaani wale wafuasi wa Simon Kimbangu wa Kongo. Nimelisoma nikacheka. Aliyeliandika ni kijana wetu, simtaji, amekaa kule nyuma anajificha. Kijana wangu, umeuliza maswali mawili ukayafunga kamba moja kama mbuzi na mbwa, halafu unataka niwapeleke mnadani pamoja. Hii ndo shida yangu na nyie, nimeisema Tabora, nimeisema Kasulu, nimeisema humu humu mwaka juzi na nitaisema mpaka mnizike. Swali la kwanza ni hili, wanachofundisha kuhusu Mungu ndicho Kanisa limekikiri tangu Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ndio au hapana? Hilo ni swali la uzushi. Swali la pili, mtu aliyeko ndani akisema "mi hapo sikubali", au akitaka kuondoka zake, anafanywa nini? Hilo sasa ndo swali la kalti, kundi linalomshika mtu asitoke. Mtu anaweza akawa mzushi wa kutupwa na jioni akarudi kwake akala ugali na wanawe na hamna aliyemgusa. Na mwingine anakiri Imani ya Nikea neno kwa neno, haruki hata nukta, huku amewafungia watu ndani wanakufa njaa. Nitafika huko kama mwenyekiti hataninyima dakika.

Kwa nini nimewachagua Wakimbangu na sio wengine? Kwa sababu nusu yenu humu mna ndugu ng'ambo ya ziwa, wengine mmekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwa sababu Wakimbangu ndo watu tunaowaongelea sana bila kuwahi kukaa nao hata nusu saa. Mtu anasikia "kule wanaabudu mtu", basi, kesho yake imeshakuwa ni frimasoni. Hapa kwetu kila kisichoeleweka ni frimasoni, hata jirani akinunua gari.

Historia mnaijua sitairudia yote. Nkamba, Kongo ya Chini, kijana Simon Kimbangu wa misheni ya Kibaptisti ya Waingereza, amebatizwa 1915, tarehe 6 Aprili 1921 anamwombea mama mgonjwa, mama anapona, watu wanaacha mashamba na vibarua wanamiminika Nkamba, Wabelgiji waliokuwa wanaitawala Kongo wanapata homa. Septemba yuko mikononi mwao. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi pale Thysville, siku hizi panaitwa Mbanza-Ngungu, hana wakili, hukumu ni viboko 120 halafu kifo. Mfalme Albert akaigeuza ikawa kifungo cha maisha, wakampakia wakampeleka pembe nyingine kabisa ya nchi, Elisabethville, ndo hiyo Lubumbashi, akakaa gerezani mpaka akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Sasa hesabuni wenyewe, kazi yake ya hadharani ni kama miezi mitano, kifungo miaka thelathini. Mi nina wachungaji nawajua wamehubiri miaka arobaini na hawajawahi kulala selo hata usiku mmoja, wala hakuna serikali iliyowaogopa, wala mbu.

Na alikuwa anahubiri nini huyu bwana? Tupeni hirizi, kaa na mke mmoja, acheni ngoma, mwaminini Yesu. Mchungaji gani wa Kigoma angehubiri tofauti? Kimbangu wa 1921 ukimleta hapa leo tutampa kipaza sauti na soda. Hilo mliweke mfukoni, tutalihitaji.

Sasa niwape kisa changu. Wengine mmeshakisikia, vumilieni.

Mwaka 2009 nilienda Lubumbashi kwenye semina ya walimu wa vyuo vya Biblia. Basi mpaka Tunduma, tukavuka Nakonde, tukaikata Zambia yote, tukatokea Kasumbalesa, miguu imevimba kama ya mjamzito. Nilipofikia kulikuwa na jirani mmoja fundi cherehani, mzee mpole, ana mashine yake ya kukanyaga kwa mguu pale kibarazani, na ni Mkimbangu. Tukazoeana. Jumamosi jioni ananiambia kesho twende kwetu ukaone. Nikasema twende. Mi si mwalimu wa historia ya Kanisa? Miaka yote nafundisha "Makanisa huru ya Afrika, sura ya sita" kumbe sijawahi kukanyaga.

Tumefika mlangoni, watu wanavua viatu. Wote. Ardhi ya ibada hukanyagi na viatu, kama Musa kwenye kichaka. Sasa mimi nimetoka nyumbani na soksi za safari. Navua kiatu cha kushoto, salama. Navua cha kulia, kidole gumba chote kiko nje kinachungulia kama kasa. Mwalimu wa Biblia kutoka Tanzania, mgeni rasmi, amekalishwa mbele kabisa, kidole nje. Nilikaa masaa matano nimekikunjia chini. Kama kuna ibada nimewahi kuifanya kwa unyenyekevu ni ile.

Basi nikaangalia. Wanawake vichwa vimefungwa vitambaa, kijani na nyeupe kila mahali, bendi ya matarumbeta, halafu wale wapiga filimbi, vijana kwa wazee, wamepanga mistari, na wanapiga vizuri mpaka unajisikia vibaya ukikumbuka kinanda chetu. Maombi mnapiga magoti sakafuni, sio kuinamisha kichwa kidogo huku unachungulia saa. Biblia ilisomwa. Yesu alitajwa sana. Kama ningekuwa nimelala nikaamka katikati ya mahubiri ningedhani niko kwetu.

Halafu ikaja ile wanaita nsinsani. Hiyo ni sadaka ya mashindano, wanaume upande huu, wanawake upande ule, vijana kule, mnaandamana kwa muziki kwenda kutoa, inahesabiwa, inatangazwa, mmepitwa, mnaandamana tena. Nilitoa faranga zangu mara nne na upande wetu bado tukapigwa na akina mama. Wahazini wenu naona wanaandika. Acheni, msiandike hiyo.

Jioni tumekaa kwake, bukari na samaki, bukari ndo ugali wa kule. Nikamuuliza moja kwa moja, Baba Fundi, huyu Papa Simon kwenu ni nani hasa? Nabii? Akaosha mikono, akafuta, akasema taratibu na Kiswahili chao cha Lubumbashi, "Papa Simon njo ule Mufariji Yesu alisemaka." Akafungua Yohana 14:16, nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine. Akagonga kidole pale kwenye "mwingine".

Mimi nikajiona nimempata. Nikamwambia soma wa 17, Roho wa kweli, ambaye ulimwengu hauwezi kumpokea, kwa kuwa haumwoni wala haumtambui. Haumwoni! Kimbangu ameonekana, amepigwa picha, amefungwa gerezani miaka thelathini. Mzee akaniangalia kwa huruma, akasema Wabelgiji walimwona mfungwa, wamemtambua?

Nilinyamaza. Nilikula samaki.

Imenichukua safari yote ya kurudi kupata jibu, na jibu lilikuwepo siku zote, liko Matendo moja mstari wa tano, Yesu anawaambia mtabatizwa katika Roho Mtakatifu baada ya siku hizi chache. Siku chache. Anawaambia wale wale waliosimama mbele yake, msitoke Yerusalemu, ngojeni. Sasa ukisema Msaidizi alikuja Nkamba unasema Petro na wenzake walingoja mtu atakayefika miaka elfu moja na mia nane na kitu baadaye. Hata fundi cherehani, ambaye "siku chache" zake wote tunazijua, hafiki huko.

Msinielewe vibaya, mzee wangu yule nampenda, kama yuko hai Mungu amtunze. Ila nilitaka muone wanavyojenga hoja. Sio watu wajinga. Ukiwaendea na kijitabu cha kurasa nane ulichonunua stendi watakulisha samaki unyamaze kama mimi.

Na huo mstari una foleni, jamani! Wale mliowahi kusimama kwenye mihadhara uwanjani mnajua, ndugu zetu Waislamu wakifika Yohana 14 wanakwambia huyo ni Mtume Muhammad. Kabla yao kuna Mani, karne ya tatu kule Uajemi, akasema ni mimi. Kabla ya Mani kuna Montano, na huyu ndo nataka mmkumbuke, karne ya pili, Frigia, siku hizi ni Uturuki. Montano anasema Msaidizi anasema kupitia kwake, ana manabii wawili wa kike, Priskila na Maksimila, wanafunga sana, wana maadili makali kuliko Kanisa lenyewe, na wanasema Yerusalemu mpya itashuka Pepuza, kijijini kwao. Sasa Nkamba inaitwaje na Wakimbangu? Yerusalemu Mpya. Kijijini kwao. Hawajakopi, hawajawahi hata kumsikia Montano, ila ndo hivyo, njia ikishatengenezwa maji yanaifuata.

Na kinachonifurahisha mimi, mnajua nani alijiunga na Wamontano? Tertuliano wa Karthago. Yule aliyetupa neno la Kilatini la Utatu. Hilo neno mnaloimba kila Jumapili, fundi wake uzeeni alikuwa upande wa "kalti". Mkitoka hapa mkamfute kwenye vitabu.

Haya, naona uso wa mtu pale unasema "mwalimu unazunguka, sema moja". Nasema. Kwenye swali la kwanza, jibu langu ni hapana, mafundisho ya Kimbangu yalivyo leo sio imani ya Kanisa. Sio suala la kuvua viatu, sio filimbi, sio kwamba hawali nguruwe, hayo ni yao. Ni kwamba wamempa binadamu nafasi ya Roho Mtakatifu. Na haikuishia kwake. Simon alikuwa na wana watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, na mafundisho yakakua mpaka wale watatu wakawa ndo Utatu umevaa mwili. Dialungana alizaliwa 25 Mei 1916, wao wakasema huyo ni Kristo amerudi, basi Krismasi ikahamishwa kutoka Desemba ikaenda 25 Mei. Halafu kiongozi wa sasa wa upande mkubwa, Simon Kimbangu Kiangani, mjukuu, amezaliwa lini? 12 Oktoba 1951. Siku ile ile babu amefia gerezani. Mnaona hesabu inavyojipanga. Ukimwambia Mkimbangu "Kimbangu alikufa, na Msaidizi alitakiwa akae nasi milele", anakuonyesha hiyo tarehe.

Sasa rudisheni kile nilichowaambia mweke mfukoni. Kimbangu wa 1921 hakuwa anahubiri hivyo. Hayo yamemea baadaye. Na ndo maana Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliwapokea, Agosti 1969, kule Canterbury, Uingereza, ikawa habari kubwa, kanisa la Mwafrika lililoanzishwa na mfungwa linaingia mlango wa mbele. Kwenye maelezo rasmi ya wakati ule Kimbangu ni nabii, mjumbe wa Yesu Kristo, mambo yamenyooka. Ila mlangoni waliangalia karatasi. Hawakusikiliza nyimbo! Wakimbangu wana nyimbo wanasema "zimepokelewa", mtu anazipata kwa ndoto au maono, zinaandikwa, zinaimbwa. Kwenye nyimbo Papa Simon alishakuwa mkubwa zaidi ya nabii zamani tu. Karatasi iliandikwa na wasomi kwa Kifaransa kwa ajili ya Geneva, makao makuu ya Baraza, nyimbo ziliimbwa na mama zao jikoni kwa Kikongo. Na mwishowe jikoni ndo kulishinda. Wale wana watatu walipokwisha kufa, wa mwisho 2001, kilichokuwa kinaimbwa kikawa ndo kinafundishwa waziwazi. Maaskofu Wakatoliki wa Kongo wakavunja ushirikiano nao 2004, na Baraza lenyewe likawaondoa 2021. Miaka 52 ndani, kwisha.

Na hapa nawageukia nyie kwaya. Ndio, nyie mnaocheka. Mnadhani katiba ya kanisa ndo inalinda imani? Mtu hakumbuki katiba akiwa anafua. Anakumbuka kibwagizo. Kuna nyimbo tunaimba humu, sitaitaja, ile yenye kurudiarudia jina la mtumishi fulani mara kumi na Yesu mara moja mwishoni kama sahihi. Haya tuendelee kuimba, wajukuu watatujibu.

Kuna mtu ataniambia, mwalimu hiyo Nikea ni ya wazungu, Kongo ina haki ya kuwa na Roho wake. Hii nimeshaichoka. Wazungu gani? Nikea iko Uturuki. Athanasio aliyeitetea ni wa Aleksandria, Misri, Ario ambaye mafundisho yake yalikataliwa pale naye kasisi wa Aleksandria hiyo hiyo, wamegombana Waafrika wawili wakauchosha ufalme mzima. Mwaka 325 hao Wabelgiji hata nchi hawana. Ukitaka kuikataa Nikea ikatae, ni haki yako, ila usimsingizie mzungu.

Na mwingine, huyu namheshimu zaidi, atasema lakini waliteswa. Ni kweli, waliteswa kikatili. Wenyewe wanasema familia 37,000 zilihamishwa kwa nguvu, na jambo moja halina ubishi, kanisa halikupewa kibali mpaka Desemba 1959, Wabelgiji wanafunga mabegi. Mama Marie Muilu, mke wake, amelibeba kanisa chinichini miaka yote ile na akafa Aprili mwaka huo huo, hakukiona kibali. Mimi nikifika hapo kwenye darasa nanyamaza kidogo. Serikali ya Kongo imefanya 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa, tangu 2023, na mimi naona wamefanya vyema. Lakini mateso yanathibitisha ujasiri wa mtu, hayathibitishi mafundisho yaliyokuja kuandikwa nyuma yake. Na upande wa pili pia, kuhukumiwa sio ushahidi wa uzushi. Sisi Wamoraviani tunasahau haraka. Babu yetu Jan Hus alichomwa moto 1415 pale Konstanz, na hati ya mashtaka inasema nini? Mzushi. Kwa hiyo mtu wa kanisa letu akisimama kusema "wale wamejitenga, kwa hiyo ni potofu" mi natafuta pa kujificha. Sote humu tumejitenga na mtu.

Sasa swali la pili. Niliwaambia nilikula bukari kwa Baba Fundi. Tuko mezani kaingia kijana, gitaa mgongoni, ni mtoto wa yule mzee, wa tatu. Ametoka kanisani kwake, kanisa la kipentekoste mtaa wa pili, ameokoka huko, hayuko tena kwa Wakimbangu. Amenawa, amekaa, amekula. Baba yake akamtania tu kwamba huko kwenu mnapiga kelele kama Mungu ana uziwi, kijana akacheka, akamjibu na nyie mnapiga filimbi kama mnachunga mbuzi. Wakacheka wote. Mama akamwongezea samaki.

Mimi ile nimeiandika kwenye daftari kuliko mambo yote ya semina. Mtoto amekataa, kwamba Papa Simon sio Roho Mtakatifu, ameondoka, na samaki anaongezewa. Niambie hiyo kalti iko wapi.

Sisemi kwao hamna shinikizo. Mamlaka kukaa ndani ya ukoo mmoja, hilo lina yake, na wameshagawanyika kwa ajili hiyo hiyo, kuna upande wa wajukuu wote 26 na upande wa mjukuu mmoja, unawasikia wanajiita "26=1" na wengine "3=1", utadhani ni hesabu za darasa la nne. Na ile sadaka ya mashindano, maskini anaona aibu kubaki amekaa. Hayo yapo. Ila hayo hata huku yapo, tofauti ni kwamba sisi hatuna filimbi.

Dakika ngapi? Tano? Mwenyekiti, tulikubaliana saa nzima. Haya.

Basi nakimbia. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, watu wameteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada. Wale walijitenga na Ukatoliki, Kibwetere, Mwerinde na padri mmoja aliyesomea mpaka Marekani, Kataribaabo. Nataka mniambie uzushi wao ulikuwa wapi. Walikuwa na Amri Kumi, rozari, maono ya Mama Maria, wenyewe wanasema sisi ni Wakatoliki. Ukiwapa mtihani wa Nikea wanapata alama za juu. Lakini walikuwa wanauza vyote walivyo navyo wanaleta, watoto wanatenganishwa na wazazi, mtu haruhusiwi kuongea, wanaongea kwa ishara za mikono eti wasije wakavunja amri ya kushuhudia uongo! Mtu aliyekatazwa kuongea atasemaje "mi sikubali"? Waliokufa, wa kwenye moto na wa kwenye makaburi yaliyofukuliwa baadaye, polisi walihesabu zaidi ya 700. Na Shakahola kule Kenya mnaijua, wale waliofunga mpaka wakafa njaa, 2023, miili zaidi ya 400, kesi ziko mahakamani siendi huko. Na Moshi hapa hapa kwetu, Februari 2020, watu 20 wamekanyagana wakafa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, nani alisema pale Utatu ulikosewa? Hamna.

Mnaona kwa nini napiga kelele? Sisi tuna mbwa mkali wa kubwekea uzushi na hatuna hata paka wa upande ule mwingine. Mkimbangu akifungua kanisa mtaa huu mtakesha mnafunga na kuomba aondoke. Mtu mwingine akija na Nikea yake safi, anakusanya simu za vijana mlangoni, mnampa ukumbi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kwenye kikundi cha maombi, sikitaji, mafundisho yao nimeyasoma mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu na sikupata kosa, nilijivunia hata, nikawaambia wazee nyumbani msiwe na shaka, wako sahihi. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza ukitaka kuja nyumbani wiki mbili unaomba ruhusa kwa nani. Mama alizikwa bila yeye. Alipewa taarifa baada ya siku tisa kwa sababu alikuwa "mlimani". Ametoka sasa, anaendelea vizuri. Ila kila nikisikia mtu anauliza "mafundisho yao ni sahihi?" na anakaa chini ameridhika, mi hapa panapanda moto.

Haya nilikuwa na karatasi nne, niko ya pili. Hayo ya Legio Maria, lile kanisa la Kenya lililojitenga na Wakatoliki, na ya wale wanaosubiri tarehe ya mwisho wa dunia, mtaniita siku nyingine au hamtaniita.

Swali moja tu mwenyekiti kasema. Leta kikaratasi. Ehe... "Mwalimu, nimepata mchumba, ni Mkongo, wazazi wake ni Wakimbangu, yeye anataka kuja kwetu. Je abatizwe tena?" Nani kaandika? Hamtaki kusema, sawa.

Sikiliza. Wakimbangu hawabatizi kwa maji. Wanawekea mikono na maombi, wanasema ni ubatizo wa Roho. Kwa hiyo hilo neno "tena" ulifute. Afundishwe kama mtu mwingine yeyote, aikiri imani yeye mwenyewe, sio wewe ukimkiria, abatizwe kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na hapo kwenye Roho Mtakatifu mchungaji akae naye kikao cha ziada maana ndo penye kazi. Wazazi wake usiwatukanie Papa Simon. Mahari peleka.

Kwenye harusi ndo jipangeni mapema. Wale hawanywi pombe, hawavuti, hawachezi dansi, na watakaa hapo mbele wamenyooka na nguo zao za kijani na nyeupe. Wakwe hawatakusumbua. Mimi naogopa wajomba zako.